Kifo cha Emin Pasha, Mwanzilishi wa Boma la Bukoba: Sababu Zake na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Mpendwa msomaji, mji wa Bukoba kama tunavyoujua leo ulianza kama boma la Wajerumani lililojengwa kando ya Ziwa Victoria mwezi Novemba 1890, sawa na mwaka 1308 Hijria. Aliyelianzisha anajulikana kwa jina la Emin Pasha. Alikuwa tabibu, mtaalamu wa ndege na wanyama, na mmoja wa wanasayansi wa mwanzo kuandika kwa kina habari za nchi zilizo kati ya mto Nile na maziwa yetu. Hakutimiza hata miaka miwili kamili tangu aanzishe boma hilo, akauawa katika misitu ya Kongo.

Jina lake linasikika kuwa la Kiislamu, na waliomuua pia walikuwa na majina ya Kiislamu. Kwa sababu hiyo vijana wetu wa Bukoba na Muleba, wakisoma historia ya mkoa wao, hutatizika kwa maswali mawili. Je, mtu huyu alikuwa Muislamu? Na je, ni kweli kwamba aliuawa kwa sababu ya dini? Kuna wanaojibu upesi kwamba Waarabu walimuua Mzungu kwa chuki. Wapo pia wanaojibu kwamba alikuwa mkoloni, basi alistahili. Majibu yote mawili ni mepesi, na jambo linalohusu damu ya mtu halijibiwi kwa wepesi.

EMIN PASHA NI NANI?

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, huko Silesia, nchi iliyokuwa chini ya Prussia na ambayo leo ni sehemu ya Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo, mama yake akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Alisomea utabibu, akahitimu mwaka 1864.

Baada ya hapo alikwenda katika dola ya Othmania, akawa tabibu wa karantini katika bandari ya Antivari. Huko alijifunza Kituruki na lugha nyinginezo, akamtumikia gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha, mpaka gavana huyo alipofariki mwaka 1873. Mwishoni mwa 1875 alifika Khartoum akiwa na jina jipya, Mehmed Emin, akijulikana kuwa ni Mturuki aliyesoma Ujerumani. Mwaka 1876 aliingia katika kazi ya utabibu chini ya Gordon huko Ekwatoria, kusini ya Sudan, na mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo hilo.

Vita vya Mahdi vilipozuka Sudan mwaka 1881, jimbo lake lilikatwa na ulimwengu. Mwaka 1888 Stanley alimfikia kwenye Ziwa Albert, na tarehe 4 Desemba 1889 wote wawili wakaingia Bagamoyo. Usiku huohuo wa karamu Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu sana, alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akaumia vibaya kichwani. Wengi walidhani atakufa pale. Lakini ajali yake ilikuwa bado.

ELIMU YAKE

Katika miaka yote hiyo ya vita na upweke, mtu huyu hakuacha kuandika. Alipima mvua na joto, aliandika maneno ya lugha za makabila, alikusanya ngozi za ndege na mafuvu ya wanyama na kuyapeleka Ulaya yachunguzwe. Aina moja ya shomoro wa rangi ya hudhurungi anayepatikana Afrika Mashariki ilipewa jina lake mwaka 1880, na panya buku wa misituni naye anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya elimu ya wanyama.

Kwa Waislamu wa Kagera liko jambo moja zaidi. Emin ndiye aliyeandika, kutoka kinywani mwa mwenyewe, habari za mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa kwanza anayejulikana kufika katika kasri la Kabaka Suna wa Buganda, mwaka 1844, yaani 1260 Hijria. Ahmed bin Ibrahim alikuwa na makazi yake Kafuro, Karagwe, kituo cha biashara ambacho misafara ya Tabora ilipitia. Mapokeo ya Waganda yanasema kwamba alipoona Suna akiamuru watu wauawe ovyo, alisimama mbele yake akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, na kuwaua bila ya haki ni kosa kubwa. Msomaji aiweke habari hii moyoni, kwani tutairudia.

KUJA BUKOBA

Mwaka 1890 Emin aliingia katika utumishi wa Ujerumani. Aliondoka Bagamoyo mwezi Aprili pamoja na Dk. Franz Stuhlmann na Luteni Langheld, akapandisha bendera ya Kijerumani Tabora, kisha akaelekea ziwani. Kusini mwa ziwa, mahali paitwapo Masanza, kikosi chake kilivamia makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu walioshutumiwa kuuza watumwa, na damu ikamwagika. Kisha akavuka hadi upande wa magharibi, akajenga boma Bukoba, katika nchi ya Kyamtwara.

Ni lazima tuseme wazi kwamba hakualikwa na wenyeji kuja kutawala. Alikuja kuichukua nchi kwa niaba ya dola ya kigeni. Sifa za elimu yake haziliondoi jambo hili, na jambo hili haliiondoi elimu yake.

Mwanzoni mwa 1891 aliondoka Bukoba, akapitia Kafuro, akaenda kwenye milima ya volkano ya Mfumbiro na kuendelea kaskazini magharibi, kinyume na maagizo ya wakubwa wake. Ndui ikaushika msafara wake. Mwezi Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann arudi na watu wazima wa afya, naye akabaki na wagonjwa. Stuhlmann aliwasili Bukoba mwezi Februari 1892. Emin hakuonekana tena Bukoba.

JINSI ALIVYOUAWA

Mwezi Machi 1892 Emin aliondoka na msafara wa Wamanyema kuelekea magharibi, akitaka kuufikia mto Kongo. Wakati huo alikuwa karibu kipofu. Nchi aliyokuwa akiipita ilikuwa chini ya mabwana wa biashara ya pembe na watumwa, na mkubwa aliyekuwa mbele yake ni Hamadi bin Ali, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kibonge. Emin aliomba ruhusa ya kupita, na Kibonge akampa barua ya amani.

Mwishoni mwa Oktoba 1892, siku inayotajwa zaidi ikiwa ni tarehe 23, mwanzoni mwa Rabiul Thani 1310 Hijria, Emin alikuwa katika kijiji cha Kinena. Watu wake walikuwa wamekwenda mashambani kutafuta ndizi, bunduki zao wameziacha. Yeye alikuwa amekaa barazani akiandika, na mbele yake zimewekwa ndege na mimea aliyoikusanya. Watu wakamshika mikono. Akasema kwamba anayo barua ya Kibonge. Akaonyeshwa barua ya pili ya Kibonge huyohuyo, inayoamuru auawe. Akaisoma, akakiri kuwa ni kweli. Akamtaja binti yake mdogo, kisha akachinjwa. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa kwa aliyeamuru.

KUZIPIMA HABARI HIZI

Wanachuoni wetu wametufundisha kutoipokea habari mpaka tujue imetoka kwa nani, na Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Basi habari hizi zimetoka kwa nani?

Zimetoka kwa wauaji wawili wenyewe, Ismailia na Mamba, waliokamatwa na majeshi ya Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold. Maelezo yao yaliandikwa na Mmarekani Dorsey Mohun, wakala wa nchi yake huko Kongo, na wao wakanyongwa mwaka 1894. Huu ni ushahidi wa watu waliokuwa na kitanzi mbele yao, ulioandikwa na mtu aliyekuwa upande wa waliowashika, wakati Wabelgiji walikuwa na haja kubwa ya kuonyesha dunia kwamba vita vyao na Waarabu vilikuwa vya haki. Ungamo la namna hiyo halichukuliwi lote bila kupimwa.

Hata hivyo si habari ya kutupwa. Wawili hao walijishuhudia dhidi ya nafsi zao. Tena baadhi ya vitu vya Emin vilikutwa Kasongo mji huo ulipotekwa mwezi Aprili 1893, na daftari zake zikapatikana. Kwa hiyo yaliyo madhubuti ni haya: aliuawa kwa mikono ya watu, wala si kwa ndui, amri ilitoka kwa Kibonge, na alikuwa chini ya ahadi ya kupita salama. Maneno aliyoyasema dakika za mwisho hayana shahidi ila hao wawili.

SABABU ZINAZOTAJWA

Kwanza, kisasi. Inasemekana mabwana wa Manyema hawakusahau damu ya Masanza, na habari zilivyozidi kwenda mbali ndivyo zilivyozidi kukua. Bwana mmoja aitwaye Said bin Abedi anatajwa kuwa miongoni mwa waliomchochea Kibonge.

Pili, vita. Mwaka 1892 uhusiano baina ya Waarabu wa Kongo na Wabelgiji ulikuwa umeharibika kabisa. Mwezi Mei Mbelgiji Hodister na wenzake waliuawa Riba-Riba. Tippu Tip, ambaye angeweza kuwazuia vijana, alikwisharudi Unguja, na mwanawe Sefu alikuwa akijiandaa kupigana na jeshi la Dhanis. Katika hali hiyo kila Mzungu alionekana jasusi.

Tatu, udhaifu wake mwenyewe. Alikuwa kipofu au karibu na kipofu, mgonjwa, ameachwa na serikali yake baada ya kuiasi, na hana jeshi la kumlinda. Mtu wa namna hiyo huwa windo rahisi kwa mwenye tamaa ya bunduki na mizigo yake.

Ukiziangalia sababu hizi utaona kwamba hazipingani. Kisasi kilitoa hoja, vita vikatoa nafasi, na udhaifu wake ukafanya jambo liwezekane. Lakini dini haimo. Katika yote yaliyosimuliwa hakuna mahali ambapo wauaji walidai kwamba wanamuua kwa sababu ya imani yake. Anayesema kwamba aliuawa na Uislamu ameleta jambo ambalo hata maadui wa wauaji hawakulipata katika maungamo yao.

HUKUMU YAKE KIFIKIHI

Tukija kwenye hukumu, tulitazame suala hili kwa pande mbili.

Tukikadiria kwamba Emin alikuwa Muislamu. Alikuwa na jina la Kiislamu na akiishi miongoni mwa Waislamu kama mmoja wao. Ni kweli kwamba aliwahi kumwandikia dada yake Ulaya kuwa amechukua jina tu na hakubadilika moyoni. Lakini kanuni ya wanachuoni ni kwamba sisi tunahukumu kwa dhahiri, na ya sirini anayajua Allah. Suratun Nisaa aya ya 94 inakataza kumwambia mwenye kutoa salamu kuwa si muumini kwa kutamani mali ya dunia. Na habari ya Usama bin Zaid (R.A.), iliyo katika Bukhari na Muslim, inajulikana: alimuua mtu vitani baada ya kutamka shahada, akidhani ametamka kwa hofu, na Mtume (S.A.W.) akamlaumu lawama kali mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile. Kwa upande huu kumuua ilikuwa haramu.

Tukikadiria kwamba hakuwa Muislamu. Basi alikuwa na amani, na amani ikishatolewa na Muislamu mmoja huwafunga wote. Siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani (R.A.) alimpa amani mtu ambaye Ali (R.A.) alitaka kumuua, na Mtume (S.A.W.) akaipitisha amani ile. Katika Bukhari imepokewa pia kwamba mwenye kumuua mtu aliye katika ahadi hatainusa harufu ya Pepo. Kwa upande huu pia kumuua ilikuwa haramu.

Huenda mtu akasema: Kibonge alihofia hiana, kwani Emin alikuwa mtumishi wa dola inayoteka nchi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini sheria imekwisha kuitazama. Suratul Anfal aya ya 58 inaelekeza kwamba ukihofia hiana kwa watu uwatupie ahadi yao waziwazi, mjue wote kwamba haipo tena. Na Suratut Tawba aya ya 6 inaamrisha aliyeomba hifadhi afikishwe mahali pake pa usalama. Kibonge alikuwa na haki ya kusema: barua yangu nimeiondoa, rudi ulikotoka. Hakuwa na haki ya kuiacha barua ya kwanza mkononi mwa mtu na kutuma ya pili mgongoni kwake.

Na akisema mwingine kwamba ilikuwa kisasi cha Masanza, tunajibu kwamba kisasi katika sheria kina kadhi, kina ushahidi, na kina warithi wenye haki ya kudai au kusamehe. Kisasi kisicho na hayo ni mauaji juu ya mauaji. Ama kukata kichwa na kukipeleka kama zawadi, Mtume (S.A.W.) amekataza kuwaharibu maiti hata vitani.

Wala waliotumwa hawaokoki kwa kusema tuliamrishwa. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba hata aliyelazimishwa kuua hulipizwa kisasi pamoja na aliyemlazimisha.

MATOKEO YAKE NA MAZINGATIO

Wabelgiji walikitumia kifo hiki pamoja na kifo cha Hodister kuwa hoja. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, na kufikia mwanzoni mwa 1894 dola ya Waarabu wa Kongo ilikwisha. Kibonge naye alinaswa akapigwa risasi. Hatusemi kwamba vita visingekuwepo lau Emin angeachwa apite, kwani Leopold alikuwa na tamaa yake. Tunasema kwamba aliyevunja ahadi hakuokoa chochote, bali alimpa adui neno la kusema juu ya Waislamu wote.

Lakini uadilifu una pande mbili, na watu wa Muleba wanalijua hili zaidi. Katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo wilayani Muleba, Stanley aligombana na wenyeji mwezi Aprili 1875 alipokuwa akitafuta chakula. Mwezi Agosti alirudi na mitumbwi ya Waganda, akawapiga risasi kutoka majini watu waliosimama ufukweni na mikuki, akaua makumi. Kwa damu ya Emin mmoja watu walisakwa, wakahojiwa na kunyongwa. Kwa damu ya Bumbire hakuna aliyehukumiwa, na aliyeimwaga ndiye aliyekuja kusifiwa kwa kumuokoa Emin. Anayetaka kuhesabu damu za ziwa hili azihesabu zote.

Sasa turudi kwa Ahmed bin Ibrahim. Yeye na Kibonge wote walikuwa wafanyabiashara, wote walikuwa Waislamu, na wote walifika bara kutafuta pembe. Mmoja alisimama mbele ya mfalme mwenye nguvu, akiwa mgeni asiye na jeshi, akatetea damu za watu wasio wa dini yake. Mwingine alikuwa na nguvu, akamuua kipofu aliyeshika barua yake. Ikiwa dini ndiyo iliyomfanya wa pili aue, ni nini kilichomfanya wa kwanza akataze? Ukweli ni kwamba wa kwanza aliifuata dini yake katika jambo hilo, na wa pili aliiacha.

HITIMISHO

Basi jibu letu kwa vijana wa Bukoba na Muleba ni hili. Emin Pasha aliuawa kwa amri ya mtu aliyempa ahadi kisha akaivunja, katika mwaka wa vita na hofu. Kwamba alikuwa mtumishi wa wakoloni ni kweli, wala hatumpambi. Kwamba imani yake ina shaka ni kweli, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini yote mawili hayakuihalalisha damu yake, na wala Uislamu haubebi dhambi ya Kibonge, kwani Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratul An'am aya ya 164 kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine.

Imamu anayeulizwa suala hili asione haya kusema kwamba fulani mwenye jina la Kiislamu alidhulumu. Kumtetea dhalimu kwa sababu ya jina lake ndiko kunakoitia doa dini. Na mwalimu anayefundisha historia ya boma la Bukoba awafundishe watoto pamoja nayo maana ya amana: kwamba neno la Muislamu akilitoa, hata kwa asiyempenda, ni deni shingoni mwake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wakweli katika ahadi zetu na waadilifu katika kusimulia habari za waliotutangulia. Amin.

Wallahu a'alam.